Pikapu Yetu na Mafundi wa Bodi wa Rungwe



Katika mkutano mkuu uliopita liliulizwa swali ambalo halikupata jibu. Tuifanye nini ile Land Rover pikapu iliyoegeshwa nyuma ya ofisi ya umoja wetu, chini ya turubai? Baadhi ya wajumbe walitaka iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu na fedha ziingie kwenye mfuko wa madawati. Wengine walitaka itengenezwe. Uamuzi uliahirishwa, na kamati ya fedha ikatakiwa kuleta maelezo.

Mchanganuo wa hesabu upo ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Hapa tumeona tuanze na historia. Kwa hesabu peke yake jibu ni rahisi: uchakavu ulishalimaliza gari hilo miaka mingi iliyopita, na katika daftari la mali za umoja limebaki kwa shilingi moja, ili tu lisisahaulike. Lakini daftari linaonyesha thamani ya kitu, halionyeshi thamani ya ujuzi uliokiweka hai kitu hicho. Huo ndio tunaotaka kuueleza.

Nyanda za Juu bila reli

Kazi ya chuma si ngeni kwetu. Kabla ya ukoloni Wakinga wa milima ya Livingstone walifua majembe na mikuki, na bidhaa zao zilishuka hadi kwa Wanyakyusa kwa njia ya kubadilishana. Mzee wa Rungwe alijua thamani ya fundi wa chuma muda mrefu kabla hajaona gari.

Magari yalipokuja, yalitukuta katika hali ambayo mikoa mingine haikuwa nayo. Reli ya Kati ilipita mbali, Dodoma na Itigi. Mji wa Mbeya ulikua miaka ya 1920 na 1930 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, na karibu kila kitu kilichoingia au kutoka kilibebwa kwa barabara: mashine za migodi, chumvi, nguo, kahawa, barua na wagonjwa. Hali ilibaki hivyo mpaka reli ya TAZARA ilipofika. Kwa nusu karne, watu wa Mbeya na Iringa waliishi kwa kutegemea magurudumu ya mpira, na palipo na magari pana mafundi.

Ufundi huo ulifundishwa pia darasani. Ifunda, mkoani Iringa, mahali palipokuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Poland wakati wa Vita Kuu ya Pili, palikuja kuwa na shule ya ufundi. Vijana wa Nyanda za Juu waliopita huko walirudi na kazi mikononi, wakafundisha wengine kwenye karakana za serikali, za misheni na za ushirika.

Gari lisilo na bodi la chuma

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Aprili 1948 katika maonyesho ya magari ya Amsterdam. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilitolewa kwa mgao. Kampuni ya Rover ikaamua kutengeneza bodi kwa mchanganyiko wa alumini, kisha ikalichora kwa mistari iliyonyooka ili lisihitaji mashine kubwa za kukandamiza bati. Uamuzi huo ulitokana na uhaba, lakini ndio uliolifanya gari hilo litufae.

Kwanza, alumini haili kutu kama chuma. Tukuyu na vijiji vya jirani hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na sote tunajua bati la chuma linavyoonekana baada ya masika machache. Pili, sehemu nyingi za bodi zimefungwa kwa bolti. Mlango, boneti, madigadi na sanduku la nyuma vinaweza kufunguliwa kwa spana, kimoja kimoja, uani kwa mtu, bila karakana. Tatu, bati lililonyooka linaweza kunyooshwa tena na fundi mwenye nyundo ya mti na ubao.

Kwa sababu hizo gari hilo lilikuja kuwa la kila mtu mwenye kazi ya vijijini: bwana shamba, mganga, mmisheni, na baada ya uhuru katibu wa chama na mkuu wa wilaya. Pikapu yetu ni ya aina ya 109, yaani kuna inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na ni ya toleo lililotengenezwa kati ya 1961 na 1971. Kwa maelezo ya wazee ilianza kwa kubeba kahawa ya ushirika. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, gari lilibaki mikononi mwa kijiji, na baadaye likakabidhiwa kwa umoja wetu.

Barabara Kuu

Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya Wazungu wachache ya Rhodesia ilijitangazia uhuru. Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta na bidhaa kupitia kusini, ikalazimika kugeukia Dar es Salaam. Mafuta yakaanza kusafirishwa kwa malori, mengi yakiwa ndani ya mapipa, kwenye barabara ya vumbi na matope iliyopita Iringa, Mbeya na Tunduma. Madereva wa Kiingereza waliiita njia ya jehanamu. Malori yalipinduka na kugongana, yakachomoka madaraja ya springi na kupondeka kebini.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, barabara ikawekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, na TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Mambo hayo matatu yanasimuliwa shuleni. Lisilosimuliwa ni kwamba miaka hiyo iliwalea mafundi wa bodi. Kijana aliyeanza kwa kushika taa wakati bwana wake akichomelea kebini ya lori usiku, kandokando ya barabara, baada ya miaka mitano alikuwa fundi kamili. Wengine walirudi kwao Rungwe na kufungua kazi chini ya mti, bila kibao wala jina. Kwa Kiswahili cha mitaani sehemu kama hiyo ikaitwa gereji bubu, kwa kuwa haina bango la kusema ipo. Bubu ni bango tu. Nyundo ilisikika ng'ambo ya bonde.

Miaka ya dhiki

Mtihani mkubwa ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu 1973. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa, wakati biashara nyingi za vipuri zilitegemea Nairobi. Oktoba 1978 Idi Amin akavamia Kagera, na vita ikala fedha za kigeni na magari. Ilipofika 1980 mtu angeweza kuwa na fedha mkononi na bado asipate taa ya mbele, mlango wala hata kitasa.

Hapo ndipo ujuzi wa kunyoosha bodi ulipogeuka kuwa ujuzi wa kutengeneza bodi. Tumewauliza wazee waliofanya kazi hiyo, na tunaeleza hapa walivyofanya, kwa kuwa hatujui kama kuna mahali pengine yameandikwa kwa ajili ya watu wa kwetu.

Kwa magari ya bodi la chuma, kama Datsun, Peugeot 404 na Toyota, bati lilitoka kwenye pipa. Pipa la lita 200 likitolewa mfuniko na kitako, kisha likakatwa ubavuni na kukunjuliwa, hutoa bati la urefu wa mita 1.8 hivi na upana unaokaribia sentimita 90. Pipa lililobeba petroli halikuguswa kwa moto. Lilioshwa, likajazwa maji, na likakatwa kwa tindo na nyundo, kwa sababu mvuke unaobaki ndani hulipuka. Wazee wanasema aliyepuuza hilo hakupata nafasi ya kulipuuza mara ya pili.

Umbo la madigadi lilipatikana kwenye gogo. Fundi alichonga shimo kwenye kisiki cha mti mgumu, akaweka bati juu yake na kulipiga kwa nyundo ya mti kuanzia pembeni kuelekea katikati, akilizungusha, mpaka likaanza kubonyea kama bakuli. Kwa kulainisha alilitandika juu ya mfuko wa mchanga, kisha juu ya kipande cha reli kilichofanya kazi ya fuawe. Ukingo ulikunjwa juu ya waya mnene ili usikate mkono na usipasuke kwa mtikisiko.

Alumini ya Land Rover ilitaka akili nyingine. Ukiipiga nyundo inakuwa ngumu, na ukiendelea inapasuka. Inabidi ilainishwe kwa moto, lakini alumini haibadiliki rangi inapokaribia kuyeyuka. Haiwi nyekundu kama chuma. Fundi asiyejua huiona ikianguka chini kama uji. Dawa ilikuwa sabuni ya mche. Fundi aliipaka sabuni kwenye bati, akapitisha moto taratibu kwa nyuma, na sabuni ilipogeuka nyeusi akaondoa moto. Bati likipoa linakuwa laini, linakubali kunyooshwa tena. Mtoto wa shule anaweza kujifunza jambo hili kwa siku moja, lakini sharti awepo wa kumwonyesha.

Palipotoboka hapakuchomelewa kwa umeme wa kawaida, kwa kuwa alumini haikubali fito za kuchomelea chuma. Kiraka kilikatwa kutoka kwenye bodi la gari jingine, kikafungwa kwa ribiti. Na kila mahali alumini ilipokutana na chuma, fundi mzuri aliweka kitu katikati: lami, rangi nzito au kipande cha tyubu. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini huliwa ikawa unga mweupe. Ukiinua mlango wa Land Rover ya zamani ukakuta unga huo, ujue maji na chuma vimefanya kazi pamoja.

Kisha rangi. Bati lililonyooshwa lilipakwa pati, likapigwa msasa uliozungushiwa kipande cha ubao. Ili kujua mabonde yaliyobaki, fundi alipaka unga wa mkaa na kupiga msasa tena: penye mwinuko mkaa uliondoka, penye bonde ulibaki. Mwisho alipitisha kiganja akiwa amefumba macho, maana mkono huona kile ambacho jicho linadanganywa na mwanga. Walipopata bomba la kupulizia rangi, upepo ulitoka kwenye kompresa la friji bovu. Na hapa kwetu rangi haikupulizwa wakati wowote. Walisubiri kiangazi, kuanzia Juni, na ndani ya siku walisubiri ukungu uondoke, wakafanya kazi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Rangi iliyopulizwa kwenye unyevu hufifia na kuwa na weupe kama maziwa.

Kwa njia hiyo pikapu yetu iliendelea kutembea. Ilibeba mabati ya shule, mbolea, viazi na ndizi kwenda sokoni. Ilibeba wagonjwa kwenda Itete, Igogwe na Makandana, na akina mama waliozidiwa na uchungu usiku wa mvua. Ilibeba majeneza. Wapo wanachama wetu watu wazima leo ambao safari yao ya kwanza ya gari ilikuwa juu ya magunia nyuma ya pikapu hiyo, na wapo waliozaliwa kabla haijafika hospitali.

Pikapu zilipoongezeka

Mwaka 1984 serikali ilifungua mlango: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa. Pikapu zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kujaa barabarani. Miaka iliyofuata yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani, na hali ikawa nafuu kwa kila mtu. Hatuna sababu ya kuilaumu nafuu hiyo. Sote tumepanda magari hayo.

Lakini kazi ilibadilika. Mlango ukipondeka, siku hizi mtu hununua mwingine kutoka kwenye gari lililokatwa, na bodi linabadilishwa badala ya kufuliwa. Vijana wetu wanaosoma VETA, na wale wanaosoma MUST, chuo kilichoanza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya, wanajifunza mambo mapya na ya lazima. Gogo na sabuni ya mche havimo kwenye mtaala, na hatudai vimo. Hata hivyo, anayejua kulipa bati umbo kwa mkono wake anaweza kutengeneza tangi la maji, mashine ya kukamulia alizeti, toroli au kitanda cha hospitali. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake cha mwaka 2021 kiitwacho African Motors, amewaandika mafundi wa gereji za Tanzania kama watu waliotengeneza teknolojia, si watu waliosubiri kuletewa. Wazee wetu wa bodi ni wa kundi hilo.

Wala si sisi peke yetu tunaoliona hili. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover lenye lengo la kuipita rekodi ya dunia iliyowekwa Ujerumani, na magari mengi yalijitokeza, ya zamani kwa mapya. Yale ya zamani hayakufika pale kwa neema ya kiwanda. Kila moja lina fundi nyuma yake.

Lililo mbele yetu

Sasa turudi kwenye turubai. Tumelikagua gari pamoja na mafundi. Alumini ya bodi iko vizuri kwa sehemu kubwa; imepondeka, haijaoza. Kilichooza ni chuma: chesisi imeliwa na kutu kutokea ndani, sehemu za nyuma na chini ya kebini, pamoja na ukuta wa mbele unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Sakafu ya sanduku ina unga mweupe kila ilipogusa vishikizo vya chuma. Yote hayo yanatengenezeka hapa hapa nyumbani.

Hoja ya madawati ni nzito, na aliyeitoa ana watoto wetu moyoni. Tumeipima. Land Rover ya aina hii ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na wanunuzi wa chuma chakavu hulipa kwa kilo. Kinachopatikana kimeandikwa ukurasa wa mwisho, mtaona wenyewe kwamba madawati yake ni machache, na yanapatikana mara moja tu.

Jambo ambalo haliwezi kusubiri ni hili. Miongoni mwa mafundi wa bodi tunaowafahamu waliofanya kazi miaka ya dhiki, wenye nguvu ya kushika nyundo wamebaki wawili. Wote wamekubali kufundisha, na wamesema wazi kwamba hawana hakika ya kiangazi cha mwaka wa kesho kutwa. Gari linaweza kukaa chini ya turubai miaka kumi zaidi. Wao hawawezi.

Kwa hiyo kamati inapendekeza gari litengenezwe uani kwa ofisi ya umoja, kiangazi kijacho, na vijana sita wa kike na wa kiume kutoka kata zetu, chini ya wazee hao wawili. Tusilipeleke kwenye gereji ya mjini, hata kama kazi ingekwisha haraka. Kazi ikikamilika gari lirudi kubeba: vifaa vya shule na zahanati, na mgonjwa pale gari la wagonjwa linapokuwa mbali. Vijana wabaki na vifaa vyote vya kazi kama mali ya kikundi chao, na umoja uwape kazi ya kwanza ya kulipwa, ambayo ni kukarabati madawati mabovu ya fremu za chuma yaliyorundikwa nyuma ya madarasa. Hivyo mfuko wa madawati nao utapata fungu lake, na litajirudia.

Michango tunayoomba ni ya gesi na mashine ya kuchomelea, bati la chuma na la alumini, ribiti, pati, msasa, rangi, na posho ya wazee na chakula cha vijana. Mwenye kifaa badala ya fedha, kama kioo, taa, kitasa au nyundo za bodi ambazo baba aliziacha stoo, navyo vinapokelewa, na vitaandikwa kwenye hesabu kwa jina lake. Risiti itatolewa kwa kila mchango, na hesabu zitasomwa kwenye mkutano mkuu ujao.

Liko ombi moja lisilo la fedha. Pikapu imepakwa rangi mara nyingi, na chini ya kila rangi tumekuta nyingine. Wazee hawakubaliani ilikuwa rangi gani ilipofika. Ikiwa nyumbani kwenu kuna picha ya zamani ya harusi, mazishi, ujenzi wa shule au safari ya sokoni ambamo gari hili linaonekana, tunaomba mtuletee tuinakili na kuirudisha. Andikeni nyuma yake majina ya watu waliomo na mwaka, kama anayekumbuka bado yupo.